Kulabu za Udzungwa

Mwaka 1964 jarida la Acta Tropica, linalochapwa Basel nchini Uswisi, lilitoa toleo la ziada la nane. Sehemu yake moja ilihusu Senegal. Nyingine iliandikwa na Fritz Haerdi, na ilihusu mimea ya dawa ya wilaya ya Ulanga, ambayo enzi hizo ilikumbatia bonde la Kilombero pande zote mbili za mto, Ifakara ikiwemo. Haerdi aliandika kwa Kijerumani. Waganga waliompa elimu ile, watu wa Upogoro, Undamba na Ubena, hawakuweza kuisoma, na wajukuu wao wengi hawawezi hadi leo. Hata hivyo, kila anayetafiti dawa za asili za Tanzania hujikuta akirudi kwenye kurasa zile, na nina sababu ya kuanzia hapo. Haerdi aliondoka na majina, akaondoka na mimea pia.

Alikuwa Ifakara kwa sababu ya Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel aliyeanzisha Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki mwaka 1943. Kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1950, Geigy alijenga maabara ndogo Ifakara, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Yeye mwenyewe alivutwa zaidi na papasi, wadudu wa kwenye nyufa za nyumba za udongo waenezao homa ya vipindi, lakini maabara ile ilipokea watu wa kila fani: wa mbu, wa nyoka, wa majani. Ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo dunia nzima ya utafiti wa malaria inaifahamu.

Haerdi alipoambiwa kwamba mzizi fulani hutuliza tumbo au huondoa homa, hakutosheka kuandika jina. Katika kazi ya namna hii hukatwa tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, likalazwa kati ya karatasi za magazeti, likabanwa kwa mbao na mikanda, likakaushwa mpaka likawa bapa na jepesi. Pembeni yake hubandikwa kikaratasi: mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mchumaji na namba yake, jina la wenyeji, na maelezo ya yale ambayo tawi kavu halitayaonyesha tena, kama rangi ya ua, harufu ya gome, utomvu. Hicho ndicho kielelezo. Hupelekwa kwenye hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, na huko kinaweza kukaa miaka 200 bila kuharibika.

Wengi huiona hatua hii kuwa ya makarani, kazi ya kupitia haraka ili mtu aingie maabara kwenye mashine. Mimi naiona kuwa ndiyo nusu ya kemia yenyewe. Jina la kijijini laweza kubeba mimea mitatu tofauti, na mmea mmoja waweza kuwa na majina manne kati ya Mlimba na Mang'ula. Hata jina la Kilatini hubadilika wataalamu wanapopanga koo upya. Tawi kavu halibadiliki. Mtu akilitilia shaka jina lililoandikwa mwaka 1964, anafungua kabati, anatazama jani, anaamua upya.

Miaka ya 1990 watafiti walirudi bondeni kwa swali jembamba zaidi: kati ya mimea ambayo waganga wa Tanzania huitumia kutibu homa, ni ipi inayoua kweli kimelea cha malaria? Monika Gessler kutoka Basel alikaa na waganga, wa Ifakara wakiwemo, akiwauliza wanaitambuaje malaria na wanaitibu kwa nini. Upande wa kemia alikuwapo Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upande wa mimea alikuwapo Leonard Mwasumbi, msimamizi wa hebaria ya chuo hichohicho. Jina la Mwasumbi liko kwenye orodha ya waandishi wa makala yao ya mwaka 1994 pamoja na wanakemia, na ndivyo inavyostahili. Walipima dondoo za mimea 43 dhidi ya kimelea cha malaria kilichooteshwa kwenye chupa zenye damu ya binadamu. Tatu zilizopita zote kwa nguvu zilitoka kwa Cissampelos mucronata, Salacia madagascariensis na Maytenus senegalensis. Huu wa tatu tutakutana nao tena.

Mimea hiyo mitatu si adimu. Huota vichakani na savanani, na mganga anaifikia kwa miguu. Lakini ukisimama Ifakara ukatazama kaskazini-magharibi, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, utaona ukuta wa milima ya Udzungwa. Huko juu kuna kemia ya aina nyingine.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia kusini mwa Tanzania. Mvua ya Bahari ya Hindi imeinyeshea kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambapo nyanda zilizoizunguka zilikauka, kwa hiyo misitu yake ilibaki kama visiwa, na viumbe vyake vikachukua njia zao wenyewe. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani kwingine duniani ila hapa na kwenye misitu iliyo jirani. Nyani wa Sanje alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1992, makao yake makuu yakiwa Mang'ula, lakini misitu mingine mingi ya milima ile iko nje ya mipaka hiyo.

Katika misitu hiyo ya mteremko, ile ya kimo cha kati kabla baridi ya kileleni haijaanza, wataalamu wa mimea walikuta mtambaazi wa miti wenye kulabu. Si miiba, ni kulabu hasa: ncha za vitawi vyake hujikunja na kuwa ngumu, zikaukamata mti wa jirani, na mmea ukapanda hivyo hadi kwenye mwanga. Alama hiyo iliwaambia mara moja ukoo wake. Ni alama ya familia ya mimea iitwayo Ancistrocladaceae, na ndani yake mna jenasi moja tu, Ancistrocladus, yenye spishi zipatazo 20. Nyingi ziko Afrika ya Magharibi na ya Kati, nyingine Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Afrika Mashariki ilikuwa ikijulikana kuwa na moja tu, Ancistrocladus robertsoniorum, ya misitu midogo ya pwani ya Kenya, iliyopewa jina lake mwaka 1984.

Je, huu wa Udzungwa ulikuwa uleule wa Kenya, uliopanda mlima? Swali la namna hii hujibiwa kwa lenzi, rula na subira: umbo la jani na mishipa yake, vitundu vidogo vya tezi, mpangilio wa maua, na hasa mbawa za tunda, kwa kuwa sepali za mmea huu hukua baada ya ua kupita zikawa mbawa zinazolizungusha tunda likianguka. Vielelezo viliwekwa kando ya vielelezo. Mwaka 2000 Martin Cheek wa Bustani za Kew, London, pamoja na wataalamu wa Denmark Christian Frimodt-Møller na Viggo Hørlyck, walitangaza kwenye jarida la Kew kwamba hii ni spishi mpya. Wakaiita Ancistrocladus tanzaniensis.

Kwa nini wanakemia walikuwa wakingojea jina hilo? Jibu liko Kamerun. Mwaka 1987 Duncan Thomas, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akikusanya sampuli kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, alichuma majani ya mtambaazi wa jenasi hii katika msitu wa Korup. Maabara ilipoipima sampuli ile dhidi ya virusi vya UKIMWI, vilizuiwa. Viambata vilivyofanya kazi hiyo vilitangazwa mwaka 1991 kwa jina la michellamini. Sampuli ilikuwa imeandikwa Ancistrocladus abbreviatus, spishi inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Magharibi. Ilionekana basi kwamba majani yatapatikana bila shida. Yakachumwa mengine, kwenye mimea ya abbreviatus ya kwingineko, na michellamini haikuwamo. Ikabidi watu warudi kwenye vielelezo. Mmea wa Korup ulikuwa spishi ambayo hakuna aliyewahi kuitambua, na ni mwaka 1993 ndipo Thomas na Roy Gereau walipoupa jina lake, Ancistrocladus korupensis. Kwa muda wote huo kiambata kilikuwa na jina ilhali mmea wake hauna. Tawi lililobanwa kwenye gazeti mwaka 1987 ndilo lililowezesha kosa kuonekana na kurekebishwa.

Michellamini haikufika kwa mgonjwa. Kiasi cha kutosha kuzuia virusi mwilini kilikaribia mno kiasi chenye sumu, na kazi ikasimamishwa. Lakini jenasi nzima ilikwisha kuvuta macho, na anayeijua kemia yake kuliko wote ni Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Majani ya Udzungwa yalipita kwa Henry Ndangalasi na Frank Mbago wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa mimea walioshiriki katika kazi hii hadi kwenye orodha ya waandishi, kisha kwa wanakemia wa dawa wa Copenhagen na wa Würzburg.

Kazi yenyewe huanza kwa unyenyekevu. Majani hukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali hubomoa viambata vingi, kisha husagwa. Unga hulowekwa kwenye viyeyushi kama methanoli, huchujwa, kiyeyushi huvukizwa kwa shinikizo dogo ili joto lisipande, na kinachobaki ni rojo zito la kijani. Ndani ya rojo hilo mna mamia ya vitu: klorofili, nta, sukari, tanini, na mahali fulani katikati yao, alkaloidi chache zinazotafutwa.

Alkaloidi zina naitrojeni, na nyingi hutenda kama besi. Ukitikisa rojo kwenye maji yenye asidi, zinaingia majini na kuacha nta na klorofili upande wa pili. Ukiyafanya maji hayo kuwa ya alkali, zinarudi kwenye kiyeyushi cha mafuta. Mbinu hii ina zaidi ya miaka 150 na bado inatumika. Baada yake huja kromatografia: mchanganyiko hupitishwa kwenye mrija uliojazwa unga laini kama silika, na kila kiambata husafiri kwa mwendo wake kulingana na jinsi unga unavyokishika. Kinachotoka mwishoni hukusanywa kidogokidogo, chupa baada ya chupa. Tone la kitendanishi cha Dragendorff likiwekwa kwenye sampuli na doa likageuka rangi ya chungwa, alkaloidi imo.

Kutenganisha ni kazi ya mikono. Kusoma kilichotenganishwa ni jambo jingine kabisa, na kwa mimea hii ni gumu kwa namna ya kipekee. Molekuli zake zina nusu mbili. Nusu moja ni naftalini, pete mbili za kaboni zilizoshikana. Nyingine ni isokwinolini, pete mbili vilevile, lakini moja ikiwa na naitrojeni. Nusu hizo zimeunganishwa kwa kifungo kimoja tu. Katika molekuli za kawaida kifungo kimoja huzunguka bila kizuizi. Hapa kila upande umebeba vikundi vya pembeni vilivyosongamana, hata nusu moja haiwezi kuipita nyingine. Kwa hiyo molekuli hukwama katika mojawapo ya maumbo mawili, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto: sehemu zilezile kwa mpangilio uleule, lakini glavu ya mmoja haimwingii mwenzake. Mmea huunda umbo moja au jingine kwa makusudi, na kimelea huitikia moja kwa namna isiyo sawa na jingine.

Mwanakemia basi ana maswali matatu. Ni kaboni ipi ya nusu ya kwanza iliyofungwa na ipi ya nusu ya pili? Umbo ni la kulia au la kushoto? Na zile kaboni nyingine, kwenye pete ya naitrojeni, vikundi vyake vimeelekea wapi?

Uzito wa molekuli hutoka kwenye spektrometa ya masi, na kutokana na uzito huo hupatikana idadi ya atomi zake. Swali la kwanza hujibiwa na sumaku. Sampuli ya miligramu chache huingizwa ndani ya sumaku yenye nguvu kubwa, iliyopozwa kwa heliamu kimiminika, na viini vya haidrojeni vikapigwa na mawimbi ya redio. Kila kiini hujibu kwa sauti yake, kutegemea majirani zake. Haidrojeni mbili zilizo karibu hugusana kisumaku hata kama zimetenganishwa na vifungo vingi, kwa hiyo haidrojeni ya nusu moja ikionekana kuijua haidrojeni ya nusu nyingine, mahali pa kiungo pamejulikana. Swali la pili hujibiwa kwa kupitisha mwanga uliozungushwa kulia na kushoto na kuona ni upi unaomezwa zaidi. Matokeo hulinganishwa na yale ambayo kompyuta inayakokotoa kwa kila umbo. Kwa la tatu, Bringmann hutumia njia ambayo naipenda kwa ukali wake: molekuli huvunjwa kwa oksidi ya rutheni, vipande vinavyobaki ni asidi amino ndogo zinazojulikana vizuri, na kutokana na vipande hivyo mwelekeo wa vikundi husomwa.

Makala ilitoka mwaka 2003 kwenye jarida la Marekani la viambata asilia. Kutoka kwenye mtambaazi wa Udzungwa walikuwa wamepata alkaloidi tatu. Moja ilikuwa ikijulikana tayari. Mbili zilikuwa mpya, na zikaitwa ancistrotanzanini A na ancistrotanzanini B. Ile A ndiyo iliyowashtua. Wanakemia huzipa kaboni namba, na katika familia hii yote, Afrika na Asia, viungo vya aina nyingi vilikuwa vimekwisha kupatikana. Kiungo kati ya kaboni ya 5 ya isokwinolini na ya 3 ya naftalini hakikuwa kimewahi kuonekana kwenye mmea wowote. Kilionekana kwa mara ya kwanza kwenye majani yaliyotoka kwenye milima inayotazamana na Ifakara. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likaeleza viambata vingine zaidi vya mmea huo, ancistrotanzanini C ikiwemo.

Viambata vilipelekwa Basel, kwa Reto Brun wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, taasisi ileile ya Geigy. Vikajaribiwa dhidi ya vimelea vya malaria, leishmania na vya jamii ya malale. Ancistrotanzanini A na B zilionyesha nguvu nzuri dhidi ya Leishmania donovani, kinacholeta kala-azar, na dhidi ya Trypanosoma cruzi, kinacholeta ugonjwa wa Chagas. Dhidi ya malaria nguvu zao zilikuwa za wastani.

Chagas ni ugonjwa wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Kala-azar iko Sudan, Ethiopia, India, na kwa majirani zetu Kenya, huko Baringo na Turkana. Bonde la Kilombero, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa miongoni mwa mahali palipoumwa zaidi na malaria duniani, lina mtambaazi mlimani ambao kiambata chake chenye nguvu kinawafaa zaidi watu walio mbali. Mmea haukuumba alkaloidi zake kwa ajili yetu. Unajilinda na wadudu, kuvu na konokono wa msitu wake. Ni bahati tu, na wala si bahati ndogo, kwamba silaha zake zinaumiza viumbe vinavyotuumiza sisi pia.

Nisisitize jambo ambalo magazeti hulikosea mara kwa mara. Kuua kimelea kwenye kisahani cha maabara si dawa. Klorini inaua kimelea kwenye kisahani. Ndiyo maana kila kiambata hujaribiwa pia kwenye seli hai za mamalia, na tofauti kati ya vipimo viwili, kile kinachoua kimelea na kile kinachoua seli, ndiyo inayoamua kama kazi iendelee. Anayesoma habari ya mtambaazi huu asipande mlima kutafuta majani ya kuchemsha.

Upo na ugumu wa pili, na huu ni wa uadimu wenyewe. Hata kama ancistrotanzanini A ingekuwa dawa kamili, msitu usingeweza kuitoa. Mmea huu unajulikana kutoka Udzungwa peke yake, na unahitaji miti mirefu ya kuukamata. Kule Korup walikumbana na ugumu uleule, wakagundua kwamba hata majani yaliyokwisha kudondoka yenyewe chini ya mmea yalikuwa na michellamini, kwa hiyo yaliokotwa bila kukata tawi, na bustani za miche zikaanzishwa. Njia nyingine ni kuiunda molekuli maabara, na kundi la Würzburg limetumia miaka mingi kwenye sanaa ya kukilazimisha kile kifungo kimoja kikae upande unaotakiwa. Kwa hali yoyote ile, msitu lazima uwe umebaki ili mtu apate molekuli ya kuiga. Hakuna mwanakemia ambaye angewaza kukichora kiungo kile cha 5 na 3 kama dawa ya kujaribu dhidi ya kala-azar. Kililetwa na mmea.

Maytenus senegalensis, ule wa vichakani, umekwenda mbali zaidi, na naamini ni kwa sababu si adimu: malighafi ilipatikana, na walikuwapo waganga walioutumia tangu zamani. Baada ya vipimo vya miaka ya 1990 ulijaribiwa kwenye panya wenye malaria, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ikaushughulikia kama dawa ya kupimwa kwa taratibu zote. Matokeo ya jaribio la kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2022. Lilifanyika Bagamoyo, kwenye kituo cha majaribio cha Taasisi ya Afya Ifakara, kwa wanaume 12 wenye afya waliojitolea, wakianzia dozi ndogo kabla ya kupanda kubwa zaidi, huku damu, ini na figo zao zikifuatiliwa. Walichokuwa wakipima ni usalama na uvumilivu wa mwili tu. Dawa ilivumilika vizuri. Kama inamponya mgonjwa wa malaria, hilo ni swali la jaribio lingine, kwa watu wengine.